Fimbo Nyeupe ya Thornby na Wivu wa Thirza

Jirani yangu Thirza Mobbs alikuwa na wivu wa kuchachusha maziwa yangali ndani ya ng'ombe. Kila mwaka, wiki ya Kupaa Bwana, parokia yetu ya Thornby huzunguka mipaka yake kwa miguu, na anayetangulia na fimbo nyeupe hutoka katika ukoo mkongwe kuliko zote. Mshika fimbo alikuwa Olive Rackham, kama mama yake kabla yake. Olive akiipokea, Thirza hutafuna ukingo wa kofia yake. Kofia tatu nimeziona zikiisha hivyo.

"Nani kasema wao ndio wa kwanza?" akaniuliza. "Karatasi iko wapi?"

"Karatasi ya nini, shoga? Watu wamezoea tu."

"Basi nitaitafuta mimi."

Miaka miwili alishinda kanisani na vitabu vya ubatizo, hadi panya wakawa wanamfunulia kurasa. Akapata. Mobbs wa kwanza alibatizwa Februari 1703. Rackham wa kwanza, Oktoba 1703. Akaja nayo kwenye chai ya parokia, akaisoma kwa sauti, Olive keki ikiwa bado mdomoni.

Kasisi Lyle akajikuna shingo. "Bi Thirza, enzi hizo mwaka ulianza tarehe ishirini na tano Machi. Februari ilikuwa mwisho wa mwaka. Oktoba hiyo ndiyo iliyotangulia."

Olive akameza keki. "Kwa miezi minne," akasema taratibu. "Asante, mwenzangu. Kwetu hatukuwahi kuwa na ushahidi. Niandikie nakala, nitaitia kwenye fremu."

Thirza akaandika. Kalamu ilitoboa karatasi, ikatoboa na meza.

Siku ya mipaka ikafika. Olive mbele, Thirza nyuma yake, nusura amkanyage visigino. Kwenye malisho ya kondoo kamba ya kiatu cha Olive ikafunguka.

"Nishikie hii kidogo," akasema, akainama.

Alipoinuka, Thirza alikuwa kashavuka ua wa pili, fimbo juu, kasisi na waimbaji wakimkimbilia, maana desturi yetu ni kufuata fimbo, hatuangalii nani kaishika.

"Wewe Thirza, nirudishie fimbo yangu."

"Funga kiatu vizuri, dada," akajibu bila kugeuka. "Mimi nishachelewa miaka mia tatu."

Maili sita alituzungusha. Hata kwenye kijito, tunapokunywa chai kila mwaka, hakusimama.