Doa la Kisigino

Mama Pindo alishona nguo miaka ishirini na mbili akiwa miguu peku. Cherehani ya kukanyaga, alisema, haiendeshwi kwa kiatu. Kiatu ni kiziwi. Kwa hiyo doa jeusi lilipotokea kwenye kisigino cha kulia, alilaumu chuma cha pedali na mafuta yake. Akalisugua kwa jiwe. Likapanuka. Akasugua tena, likatoa damu.

Alikwenda zahanati mara tatu. Tabibu hakuinama hata mara moja kulitazama. Mara ya kwanza alisema ni sugu, ya pili fangasi. Ya tatu, Mama Pindo akauliza kama haiwezi kuwa saratani. Bwana yule akacheka.

"Saratani ya ngozi ni ya wazungu na wenye ualbino, mama. Wewe na weusi huo, jua litakufanya nini?"

"Kwani kisigino changu kinaota jua?"

Akapewa dawa ya kupaka, akaondoka na aibu isiyo yake.

Aliyemwokoa ni wifi yake, dada wa mumewe, anayesugua miguu ya watu saluni. Alikuja kuchukua blauzi, akaona damu kwenye pedali.

"Wifi, lete huo mguu wa bata."

"Umekosa kazi?"

"Kazi ninayo, visigino ishirini kwa siku. Sugu haina rangi mbili, wala kingo zilizochanikachanika hivi. Unashona nini hapa, sanda yako?"

Kesho yake akamburuta hadi hospitali kubwa. Daktari, mwanamke wa makamo, alipiga magoti sakafuni, akalichungulia doa kwa lenzi, akakata kipande kikapimwe. Majibu yakaja: saratani. Kwa watu weusi, akaeleza, aina hii hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha, wala haingoji jua.

"Ungeletwa mapema, ningekata kidogo tu."

Mama Pindo akahesabu miezi tangu siku ya kwanza zahanati. Tisa, mimba nzima. Hakulia; alikasirika. Nusu ya nyama ya kisigino ikaondolewa, pakazibwa kwa ngozi ya paja. Tezi za kinena, ambako saratani ya mguu huanzia kusambaa, zilipopimwa, zilikuwa safi.

Siku hizi anakanyaga kwa mguu wa kushoto, na akijisahau mshono unakwenda upogo. Anayekuja kupimwa gauni huvua viatu kwanza, aonyeshe nyayo. Wanaume nao, wakileta suruali. Wapo wanaonuna.

"Nuna," anawaambia, akikunjua futi yake ya kupimia. "Mguu juu."