Maître Musoni na Shamba Langu la Maharagi

Kambi yote ya wakimbizi ya Nakivale hakuna mwanamke anayejua sheria kunishinda mimi, Apolline. Shule niliachia darasa la tatu, na hiyo sheria yenyewe niliijua kwa wiki moja tu, mwaka 2011.

Jirani yangu Modeste alikuja na mtu wa koti jeusi, na jua lenyewe lilikuwa la kukausha mihogo.

"Huyu ni Maître Musoni, wakili wangu wa Mbarara."

Musoni akanipa barua ya mihuri mitatu. "Maman, shamba ni ya Modeste. Uko na siku saba za kutoka."

Maharagi yangu yalikuwa ndiyo yanakauka. Chakula cha wajukuu wanne.

Mihuri mitatu, jamani. Cheti changu cha ndoa kilikuwa na mmoja, na ndoa ilivunjika.

Nikaibeba barua mpaka Mbarara, kwenye chama cha mawakili. Nikamkuta dada mmoja, wakili Ainembabazi.

"Mukaaka," akaniambia, ndiyo bibi kwa lugha yao, "hapa Uganda wakili hachagui kuingia chama. Kila wakili iko ndani. Jina kama haiko kwa listi, huyo si wakili."

Akapitisha kidole kwenye listi. Musoni hayuko.

Siku ya saba yule dada akaja kwangu mapema, amevaa kitenge tu. Nikampa ungo wa maharagi achambue. Kwangu hata wakili hakai bure.

Modeste na Musoni wakafika na chairman wa kijiji, ashuhudie nikitoka. Yule dada hakuna aliyemuuliza ni nani. Mwanamke mwenye ungo haulizwi.

"Maître," nikasema, "nitatoka. Lakini batu banasema hauko mu chama cha mawakili."

Akacheka. "Mimi? Miaka kumi na mbili niko ndani."

"Basi unajua wakili Ainembabazi."

"Rafiki yangu sana. Tuliapa siku moja. Juzi tumekula naye nyama Mbarara. Bwana yule anakula mingi."

Somo nawapa hapa hapa, kabla sijasahau: koti usiliogope, uliza listi. Hata sanamu langu la kufukuza ndege lina koti.

Ainembabazi akaweka ungo chini, akapangusa mikono.

"Maître, Ainembabazi ni mimi. Hiyo nyama nilikula ya mbuzi ama ya ng'ombe?"

Chairman, niliyekuwa nimempa ile barua asome, akaikunja mara mbili, akanirudishia. "Jibu, Maître."

Musoni alikuwa anaangalia njia ya Kabingo, ile ya kurudi Mbarara.

"Ya kuku," akasema.