Manowari Iliyolala Ubavu

Juzi nilishika tezo la marehemu baba kuchonga mpini wa jembe, na harufu ya mti mbichi ikanirudisha kijijini kwetu Idsowe, kando ya mto, mwaka ule tulipobaki wawili, mimi na mdogo wangu wa kike. Mimi nilikuwa nimekwisha acha shule ili yeye aendelee.

Mwalimu wake alimpa kazi ya kutengeneza mfano wa manowari ya Wareno, ile ya matanga iliyochorwa kitabuni, kwa maonyesho ya shule mjini Hola. Ilitakiwa ielee mbele ya majaji. Mshindi angepata nafasi shule ya bweni. Shangazi naye alikuwa amekata neno: mdogo wangu akikosa, anakwenda Malindi kulea watoto wa watu. Zilibaki siku tatu.

Nikachonga mimi, kwa njia pekee niliyomwona baba akichongea mitumbwi: gogo moja, unachimba tumbo, chini unapaacha bapa ili upite kwenye maji haba. Mikono ilitoka malengelenge, kambare wakaungua jikoni. Jirani yetu, mchongaji wa mitumbwi, alipita akacheka. "Wee msichana, dude hilo ni la vita au la kulishia bata?"

"La kukupiga mizinga, babu!" mdogo wangu akamjibu.

Ijumaa jioni tukasimamisha milingoti mitatu, tukafunga matanga ya leso kuukuu, tukaiweka kwenye karai la maji. Ikalala ubavu. Tukaiinua, ikalala tena. Mdogo wangu hakulia. Aliuliza tu, "Dada, Malindi kuna mto?"

Nilikimbia kwa jirani. Alikuja, akaitazama, safari hii bila kucheka. "Umechonga mtumbwi, mwanangu, halafu ukauvika matanga. Uzito wote uko juu. Utie udongo tumboni."

Nikachota udongo wa mfinyanzi mtoni, nikaushindilia tonge kwa tonge, mdogo wangu ameshika mlingoti.

"Achia."

Hakuachia.

"Achia, nimesema!"

Ikayumba, ikasita, ikasimama.

Huko Hola ilielea mbele ya majaji, mdogo wangu akapata nafasi. Ile nyumba mafuriko yameisomba, jirani tumemzika, na asubuhi siku hizi husikii tezo likilia kando ya mto. Lakini ninachokumbuka zaidi ni siku ya kufungua shule. Nilikuwa nimepigana asitolewe mikononi mwangu, kisha mimi mwenyewe nikambebea sanduku hadi stendi ya Garsen. Niliporudi, nilisonga ugali wa watu wawili.