Kumwona Dada kwa Macho Yangu

Dada yangu mkubwa alipopigwa na kiharusi, alipoteza usemi, lakini akili ilibaki. Alikuwa ameolewa ng'ambo ya mpaka, mbele kidogo ya Sirari, na huko ndiko alikozeekea, mjane, akiishi na bintiye kwenye kiwanja kidogo karibu na kanisa. Shemeji zake walitaka akifariki azikwe kwenye boma la zamani, kwa taratibu za ukoo. Bintiye alisema mama yake alikwisha kumwambia anataka kulazwa pale kwenye kiwanja chake, kwa sala tu. Wazee wa ukoo hawakumkatalia kwa ukali. Walisema mtoto hawezi kumsemea mama yake. Ndugu yake wa kuzaliwa amuulize, aone mwenyewe anavyoitikia, nao watafuata.

Ndugu aliyebaki ni mimi. Nami nilikuwa nyumbani, upande wa Manchira, nimelala na nyonga iliyovunjika, na daktari alikuwa amenikataza hata kupanda gari.

Nyumba yetu iko bondeni. Simu hushika sauti, lakini picha haipiti. Ndiyo maana binti yangu, anayefundisha Mwanza, alitufungia antena juu ya paa, waya ukashuka hadi kwenye ruta, na kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta. Awali ruta ile ilitoa mtandao wa bila waya pia, mpaka radi ilipouharibu upande huo. Kwa hiyo simu za majirani hazingetusaidia. Njia ya kumwona dada ilikuwa moja, ile kompyuta.

Tulipatana tuonane Jumatano asubuhi. Kabla ya hapo umeme ulikatika, ukarudi, na tulipowasha kompyuta, kila tulipobonyeza ulikuja ukurasa wenye alama nyekundu, ukisema mawasiliano si salama. Programu ya kuzuia virusi nayo ilitangaza kwamba haitulindi tena.

Tuliilaumu ruta. Taa zake zote zilikuwa za kijani, lakini tuliilaumu hivyo hivyo. Mke wangu aliichomoa, akangoja, akaichomeka, akakaza waya, akaichomoa tena. Alikuwa amepiga magoti chini ya meza kwa muda mrefu, nami nikiomba kwa sauti kutoka kitandani.

“Mzee,” akaniambia bila kuinuka, “umeshaomba, na hii ruta umeshaikemea. Sasa vaa miwani unisomee kilichoandikwa.”

Nilimsomea, naye akamsomea binti yetu kwa simu. Binti alidhani programu ya kuzuia virusi ndiyo inayotufungia njia, akatuambia tuizime. Hapo niliogopa. Virusi vilivyokuja na flashi kutoka dukani tulikochapisha barua za kanisa vilikuwa vimekwisha kuharibu mahubiri yangu ya miaka mingi, na tangu hapo niliitegemea programu ile kama mtu anavyotegemea komeo la mlango. Tuliizima. Haikusaidia. Tukaiondoa kabisa, na ukurasa mwekundu ukabaki palepale.

Tukiwa katika hali hiyo mpwa wangu alipiga simu kutoka wodini alikolazwa dada. Alikuwa amemuuliza mama yake swali lile, naye akaitikia kwa kichwa, waziwazi, kisha akarudia. Wazee walikuwepo, lakini walisema bado wananingoja mimi.

“Mjomba, leo yuko macho,” alisema. “Fungua hiyo mashine sasa.”

Nikamwambia tunaifungua. Jua lilizama hatujaifungua.

Kesho yake binti yangu alipiga alipotoka darasani. Safari hii hakuuliza habari za ruta.

“Tata, kona ya chini, mkono wa kulia, pana tarehe gani?”

Nilitazama. Mimi tarehe naijua kwa kalenda ya kanisa iliyo ukutani, na sikuwa nimeitafuta mahali pengine. Kompyuta iliandika mwaka wa zamani sana, mwaka ambao dada alikuwa bado anakuja kututembelea kwa miguu yake, kuku kwapani. Nilimsomea binti, naye akatueleza taratibu. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo inayotunza saa. Ilikuwa imekufa, na umeme ulipokatika saa ilirudi nyuma. Kila mlango wa mtandaoni huonyesha hati yenye tarehe, na mashine isiyojua leo ni lini huiona kila hati kuwa ya uongo. Ruta haikuwa na kosa.

Mke wangu aliandika tarehe ya siku ile. Ukurasa mwekundu ukaondoka. Nilimshukuru Mungu, na nilishukuru kwa moyo wote.

Mpwa wangu alipokea mara moja. Niliuona uso wa dada, mdomo umevutwa upande mmoja, macho wazi. Nyuma yake walisimama wazee wawili waliovaa makoti. Nikamwamkia, nikamuuliza kwa lugha yetu ya nyumbani, kwa maneno machache. Hakufanya kitu. Nikauliza tena, polepole, nikitaja kiwanja, nikitaja kanisa. Macho yalikuwa upande wangu, lakini sikuweza kujua kama yananiona au yanatazama mwanga wa simu. Pembeni mpwa wangu alikuwa anaitikia kwa kichwa chake mwenyewe, machozi yakimtoka, kana kwamba angeweza kumwazima mama yake kichwa hicho.

“Sasa mzee,” mmoja wa wazee akasema, kwa upole, “umeona ama hujaona?”

Nilimwamini mpwa wangu. Namwamini mpaka leo. Lakini sikuwa nimeulizwa kama namwamini.

“Sijaona,” nikasema.

Mpwa wangu aliilaza simu kitandani bila kuizima. Tukawa tunatazama dari ya wodi, tukisikia wazee wakipanga nani atatangulia bomani kuonyesha mahali pa kuchimba. Mke wangu alinyoosha mkono akate, nikamzuia. Katikati ya maneno yao nilikuwa namsikia dada akipumua.