Zamu ya Khelef

Mjomba wangu Sleyum alikusanya makaratasi ambayo watu wenye akili zao huwashia moto. Yalikuwa programu za maonyesho ya zamani ya Unguja: taarab, vichekesho, mazingaombwe, mtu wa kutembea juu ya kamba, yote kwa kiingilio kimoja. Kila aliyeingia ukumbini alipewa karatasi ya kumwonyesha nani anatoka baada ya nani, na kesho yake karatasi hiyo ilifungiwa njugu. Mjomba alikuwa nazo arubaini na moja nyumbani kwake Ibra. Kila moja ilikaa ndani ya mfuko wake wa plastiki pamoja na punje mbili za karafuu za kufukuza wadudu, na ole wako uiguse na mkono wa mafuta.

Nimseme kwanza alivyokuwa kabla watu hawajamwona kachanganyikiwa. Alikuja Oman mwaka 1972, akaajiriwa idara ya maji, akastaafu 1994. Alikuwa mtu mkavu. Dishdasha yake ilipigwa pasi hata akiwa mgonjwa, chai alikunywa bila sukari, na mzaha hakuutaka. Mimi ni mtoto wa dada yake. Nilikuwa karani wa skuli ya wasichana Nizwa, na kila Alhamisi, siku ya mapumziko, nilitia gari njiani kwenda kumtazama, kwa sababu mama alipofariki aliniachia yeye kama mtu anavyoachiwa saa mbovu ya ukutani. Nasema hivyo, na nilimpenda sana.

Alipostaafu tu, akaanza. Alipanda pikapu yake akenda Sur, Bidiya, hata Misfa juu mlimani, kila penye nyumba ya watu waliotoka kule kwetu. Harusini anauliza, matangani anauliza. Maiti hajatolewa, yeye keshamwinamia mfiwa: "Samahani sana, marehemu kaacha sanduku la zamani?" Mimi nilitamani ardhi inimeze. Watu wakampa jina, Sleyum Makaratasi, na yeye akaliitika.

Hakuwa akitafuta programu, lakini. Alikuwa akimtafuta mdogo wake, Khelef.

Khelef, kwa maneno ya mjomba, alikuwa mchekeshaji wa klabu yao. Alitoka jukwaani kavaa kanga mbili na ushungi, akajifanya bibi kizee anayegombana na muuza samaki, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Januari 1964 aliaga anakwenda kumjulia hali rafiki yake, asirudi tena. Wiki hiyo hiyo nyumbani walichoma kila kilichokuwa na jina la mtu: barua, picha, vyeti. Programu nazo zikachomwa zote, kwani programu ya klabu ilikuwa orodha ya majina iliyokwisha kuandikwa, na siku zile hakuna aliyetaka kukutwa na orodha. Aliyezitia motoni ni mjomba mwenyewe. Hivyo Khelef hakubaki na kaburi, wala picha, wala karatasi. Mama yangu alikufa hajamtaja hata mara moja. Ndivyo walivyozoea wakubwa wetu: aliyepotea kule hatajwi, kidonda kisifunguke. Mimi nilizaliwa 1963, simkumbuki, na nitasema kweli: kwa miaka mingi nilidhani mjomba kamtunga.

Alilijua hilo. "Wewe Kuruthum huniamini," aliniambia siku moja. "Wala sikulaumu. Wallahi na mimi kuna siku najiuliza kama nilikuwa na ndugu. Nataka nilione jina lake limeandikwa kwa mkono wa mtu mwengine. Karatasi moja tu, khalas."

Saa nane za mchana, Ibra nzima imeshiba na imelala, yeye hukaa peke yake majlisi akazisoma programu zake kwa sauti, namba baada ya namba, kama mtangazaji wa ukumbi. "Namba tatu, Bwana Musallam na fidla yake." Halafu hunyamaza. Hunyamaza muda wa watu kupiga makofi, kichwa kakiinamisha upande, anasikiliza.

Alhamisi moja ya mwaka 1999 niliwahi kufika. Nilikuwa nje navua viatu nikamsikia anataja namba, akanyamaza. Pakatoka sauti nyengine. Ilikuwa ya kike, nyembamba, ya kizee, inagombana na mtu juu ya samaki waliooza. Nyuma yake watu wengi wakacheka, kwa mbali. Niliusukuma mlango. Mjomba alikuwa peke yake na uso umemrowa machozi. Redio chumba kile haikuwamo, na mjomba huyu hakuweza kuigiza hata paka.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Sikusikia kitu, mjomba." Nilisikia, neno kwa neno.

"Wote wanatoka," akasema. "Nikimsoma mtu anatoka, anafanya yake, anapigiwa makofi, anakwenda kupumzika. Khelef yuko nyuma ya pazia, namsikia anajaribu sauti. Hawezi kutoka, hajaitwa. Karatasi yake niliichoma mimi."

Toka siku ile sikulala tena nyumba ile. Nikienda, narudi kabla ya magharibi.

Mwaka 2003 mjane mmoja wa Sur, Bi Ghaniya, alilitoa sanduku lake la arusi liende kwa seremala. Chini kabisa, chini ya nguo zote, palitandikwa karatasi ya klabu ya Novemba 1963. Katibu wa klabu alikuwa mcha Mungu, hata vichekesho alivianza kwa Bismillahi. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, akapiga mistari ikawa miraba, kila mraba una namba na jina, kisha akanakili kwa ule wino wa zambarau unaotoka hata kwa jasho la kidole. Mjomba alinipigia simu usiku ule ule.

"Yumo," akasema. "Njoo uisome wewe. Macho yangu mimi hayana shahidi."

Katika ukoo wetu ni sisi wawili tu tuliobaki tunaosoma Kiswahili kwa herufi zile. Mama alinifundisha. Nikamwambia aipeleke dukani ikapigwe fotokopi. Hakutaka, akasema mwanga wa mashine utaimaliza. Tukaagana Alhamisi.

Alhamisi sikwenda. Nilimwambia skuli wana mitihani, na mitihani ilikuwapo kweli, lakini kilichonizuia ni woga. Nikilisoma jina lile, basi sauti niliyoisikia mlangoni ilikuwa ya mtu. Nikasema wiki ijayo, inshallah.

Wiki ile homa ikamwangusha. Mwanawe Firas alikuwa kazini Sur, kwa hiyo aliyemuuguza ni mkewe Firas, Ibtihal, msichana mwema aliyezaliwa hapa hapa, Kiswahili chake cha kuokoteza. Nilipofika Alhamisi ya pili, adhuhuri, alinipokea mlangoni na furaha tele.

"Shikamoo, khalti. Ammi leo alhamdulillah, homa kimeshuka. Nimempa kombe."

"Kombe la nani?" Sikuwa na habari ya sheikh kuja kumwandikia aya za kuoshwa akanywa.

"Ile karatasi ya chini ya mto. Fog, juu kabisa, imeandikwa Bismillahi, halafu kuna miraba na namba, kama zile za sheikh. Nimesoma, sijafahamu kitu, nikasema basi hii dawa kubwa. Nikatia udhu, nikaiosha kwa maji ya mawaridi. Amekunywa yote, mashallah."

Nilikwenda jikoni mbio. Bakuli lilikuwa na tone la zambarau chini. Karatasi kaitandaza vizuri juu ya taulo dirishani, nyeupe. Niliinyanyua juani, nikaigeuza huku na huku. Haikuwa na herufi moja. Nilitaka kumzaba kofi binti wa watu. Lakini nani alimwambia kwamba herufi zile ziliandika kitu chengine zaidi ya maneno ya Mungu? Sisi wakubwa tulikaa kimya miaka arubaini, naye akafanya alilofundishwa kumfanyia mgonjwa. Nikamwambia ahsante.

Mjomba alikuwa kalala chali, midomo ina rangi.

"Niliiona rangi nishakunywa nusu," akasema.

"Sasa kwa nini ukamaliza, mjomba?"

"Ningemwachaje nusu?"

Nikakaa kitako karibu yake, nikamshika mkono. Ulikuwa wa moto. Akasema ukumbi wote umenyamaza toka asubuhi, hasikii makofi wala sauti nyuma ya pazia. Alisema kwa hofu, na mimi sijapata kumwona na hofu. Halafu akanigeukia.

"Kuruthum. Alhamisi ile ulikuja? Uliisoma?"

Sijui kama ni homa iliyomchanganyia siku, au alikuwa akiniomba kitu.

"Nilikuja, mjomba. Niliisoma kwa macho yangu. Khelef bin Nassor."

"Namba ngapi?"

Sikulitarajia swali lile. "Saba," nikasema.

Yule mtu asiyecheka, pembe ya mdomo ikamtetemeka.

"Tisa," akasema. "Wakikuuliza, sema tisa."

Alifariki Jumapili. Matangani Ibtihal alinijia na macho yaliyovimba, akaniuliza mbele ya wanawake wote kama kweli ammi alikuwa na ndugu. Nikasema alikuwa naye, akiitwa Khelef bin Nassor, mchekeshaji, na karatasi yenye jina lake niliisoma mimi. Mmoja akaguna. Nikaapa. Nimeapa kwa jina la Mungu juu ya karatasi nisiyoiona, na siku ya hisabu nitaitwa niulizwe kwa kiapo kile. Nitajibu tisa.