Rimu za Ami Swaleh

Hadi leo nikipita karibu na gereji nikasikia nyundo ikigonga rimu ya chuma, ile sauti nzito isiyo na mwangwi, kijicho changu cha utotoni hunirudia kizima kizima, kana kwamba hakikulala hata siku moja.

Miaka ya tisini tulikaa Mji wa Kale, nyumba moja na Ami Swaleh, mdogo wake baba. Sisi chini, wao ghorofani. Ndugu hao walikuwa na magari mawili ya aina moja, yale marefu ya kwendea porini, lakini kufanana kwenyewe kuliishia hapo. La baba lilikwenda Kinango kununua mbuzi wa mabucha, na hakuna sabuni iliyoweza kuitoa ile harufu. La ami, aliyekuwa akitoa mizigo ya watu bandarini Kilindini, lilinukia udi. Juu ya hayo lilikuwa na rimu za aloi, nyepesi, zinang'aa kama sinia jipya la harusi. Vichochoro vyetu havikupitisha gari, basi yote mawili yalilala uwanjani ubavu kwa ubavu, kila apitaye akalinganisha. Binamu yangu Salma, rika langu, alikuwa akichutama mbele ya rimu za babake akijitazama na kujitengeneza nywele. Kwenye rimu zetu, chuma kilichopakwa rangi nyeupe, usingeiona hata pua yako.

Nilimwonea Salma wivu hadi chakula kikawa hakinishuki. Mama akiniona nimenuna, husema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Mimi nilikuwa radhi na huo mkakasi, pamoja na hicho kipande chake cha mti.

Kisha rimu zetu zikaliwa na kutu, ikabidi baba anunue nyingine. Nikaona bahati imeniangukia. Barazani ami akamwambia, "Kaka, tia aloi. Ni nyepesi, gari litakwenda kama linateleza."

"Ni nzuri, sikatai," akajibu baba. "Lakini aloi ikigonga jiwe hupasuka. Chuma hupinda, na kilichopinda hunyooshwa."

Nilimshika kanzu. "Baba, nunua kama za kina Salma."

"Tutaona, mwanangu."

Alasiri alirudi kutoka Majengo na rimu za chuma, mpya, zisizong'aa, kama sahani za hospitali. Nilijifungia msalani nikalia.

Haukupita muda akafariki shangazi yao baba na ami, huko ndani ya Kinango, tukaenda hitimani kwa magari yote mawili. Niliomba kupanda la ami. Salma akasema nafasi hakuna, na kando yake palikuwa na mkoba tu. Basi nikakaa na baba na harufu ya mbuzi, nikizitazama zile rimu zikimeremeta mbele yetu kila zilipopigwa na jua, nikizitakia kila baya.

Baya likaja kwenye mto mkavu uliojaa mawe. Gurudumu la mbele la ami liligonga jabali, ukasikika mlio mkavu kama sahani ya kaure inapovunjika, gari likainama. Rimu ilikuwa imepasuka hadi ndani. Nasi tuliokuwa nyuma tukaligonga jabali lile lile, ya kwetu ikapinda mdomo, upepo ukawa unavuja. Baba akaitoa, na badala ya kushusha spea akailaza juu ya jiwe, akaigonga kwa nyundo mpaka mdomo ukarudi, akaijaza upepo kwa pampu ya mkono. Niliinama nikijifanya nafunga kiatu, nipate kucheka kwa raha zangu.

Ikaonekana ami hakuchukua spea. Aliiacha nyumbani ili kupisha vyakula vya hitima. Baba akashusha spea yetu. Nati za aloi hazikukaa vyema kwenye chuma, basi akafungua nati moja kutoka kila gurudumu letu, akaenda kupiga magoti mchangani kwenye gari la nduguye.

"Na sisi, baba?" nikamuuliza.

"Sisi tutakwenda pole pole."

Ami alikuwa amesimama, mikono imejaa vumbi. "Kaka, wanitia haya."

"Shika jeki," akasema baba.

Furaha yangu ikafa papo hapo. Kumbe hata ushindi wetu baba ameufungua akawafungia wao!

Miaka mingi baadaye, baba ameshatutoka, mimi na mama tulikuwa tukikunja kanzu zake, nikamtajia safari ile. Mama akatabasamu. "Siku ile ya Majengo, alisimama mbele ya rimu za aloi mpaka mwenye duka akachoka. Aliporudi akanisimulia zilivyo, kidole chake kikizichora hewani. Babako alizitamani kukushinda wewe. Kila asubuhi pale uwanjani alizitazama za Swaleh kwanza, ndipo afungue mlango wa gari lake."

Niliiweka kanzu chini. Miaka yote hiyo nilidhani kijicho ni ugonjwa wa watoto, na kwamba baba hakukijua. Nilidhani ndiyo maana kutoa kulimwia rahisi. Kumbe kilikuwa naye siku ile, kimemkaa kifuani, naye amepiga magoti mchangani akikaza nati.