Chumvi Iliyopotea Darasani

Jamani, leo nimeumbuliwa sokoni Lushoto!

Mama mmoja mwenye mvi kanishika mkono. "Shikamoo, mwalimu. Ulinifundisha kemia kule Vuga, enzi za Ujamaa."

Nikafurahi.

"Unakumbuka ulivyoacha maji ya chumvi dirishani yakauke, ili asubuhi tuone chumvi imebaki?"

Nakumbuka! Tulikuta sahani tupu. Kwa aibu nikalidanganya darasa zima eti kwa baridi yetu hata chumvi hupaa na mvuke. (Chekeni tu.)

"Niliyachukua mimi," akasema. "Nyumbani chumvi ilikuwa imeadimika. Mama akapikia maharage."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeshaeleza vizuri, mwalimu. Na kwenye mtihani nikaandika vilevile, ukanipa vema."

Mliosoma kwangu, nani mwingine anaungama?